Mheshimiwa Waziri, mahindi yetu hayakwami kwa ushuru

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Biashara, Viwanda na Ushirika, Kampala

Mheshimiwa,

Kila bajeti ikikaribia, mabishano ni yale yale: tufungue mipaka, au tuvilinde viwanda vyetu? Sisi tunaonunua nafaka Masindi na Iganga na kuipeleka Busia, mpakani na Kenya, tunaona swali hilo linaacha nje jambo kubwa. Mahindi ya Uganda hayatozwi ushuru wa forodha kuingia Kenya. Hiyo ni kwa sababu ya Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kazi mwaka 2005. Hata hivyo Machi 2021 Kenya iliyapiga marufuku, na ilipoyaruhusu tena siku chache baadaye ilidai cheti kwamba sumukuvu (sumu inayotokana na kuvu) haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Ushuru ulikuwa sifuri siku yalipozuiwa, na sifuri siku yaliporuhusiwa.

Watetezi wa soko huria wana hoja nzito. Sehemu kubwa ya Uganda huvuna mara mbili kwa mwaka, na Kenya huagiza mahindi mara kwa mara. Mnunuzi wa Kenya akikosekana wakati wa mavuno, bei shambani huporomoka. Faida linganishi aliyoieleza mwanauchumi David Ricardo mwaka 1817, yaani kila nchi iuze kile inachozalisha kwa unafuu zaidi, ndiyo hiyo. Ila hoja hiyo hudhani mahindi ni mahindi tu. Yenye unyevu wa asilimia 18 na yenye 13.5, kiwango cha juu kinachokubaliwa Afrika Mashariki, hayauziki soko moja.

Tupige hesabu. Kilo 100 zenye unyevu wa 18 zikianikwa hadi 13.5 hubaki kama kilo 94.8. Tuseme bei ni shilingi 1,000 kwa kilo, makavu kwa mabichi. Aliyeuza mabichi ameondoka na 100,000. Aliyeanika, 94,800, na bado hajahesabu turubai wala vibarua. Ili asipunjike, kilo ya makavu ingefaa kununuliwa kwa kama 1,055. Kwa hiyo wanaowaita wakulima wavivu wanakosea. Mkulima anajua hesabu: maji yanalipwa bei ya punje.

Yanayofuata yanajulikana. Mahindi huanikwa juu ya udongo, kisha hupigwa fimbo ndani ya gunia badala ya kupukuchuliwa kwa mashine. Punje hupasuka, kuvu huingia. Wengi hupima kwa chumvi kavu ndani ya chupa: ikiganda kwenye kioo, unyevu umepita kama 15. Isipoganda, bado hujui kama umefika 13.5. Mnunuzi naye huchoma bambo (chuma cha kuchotea sampuli) magunia ya mlangoni tu, wakati sumukuvu haisambai sawasawa. Gunia moja laweza kuchafua lori zima. Na ikishaingia, kuanika upya hakuiondoi.

Wanaotetea viwanda vichanga hatuwapuuzi, maana kiwanda kipya huhitaji muda wa kujifunza kazi. Lakini mchele wa kutoka nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, katika Ushuru wa Pamoja ambao nchi wanachama hutoza bidhaa za kutoka nje, una ushuru wa asilimia 75 au dola 345 kwa tani, kubwa kati ya hizo, na anayelipa ni mnunuzi wa soko la Owino, Kampala. Kinga ya namna hiyo iwekewe tarehe ya mwisho tangu siku inapotangazwa. Tena nchi wanachama zikiomba kila mwaka kuruhusiwa kutotumia viwango vya pamoja, mwenye kiwanda hawezi kupanga mbele zaidi ya miezi 12.

Tunaomba, Mheshimiwa, kila ghala lenye leseni libandike bei ya mahindi ya 13.5, pamoja na makato kwa kila asilimia inayozidi. Sampuli zichukuliwe kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, zichanganywe, ndipo zipimwe. Na zipimwe huko huko Masindi kabla ya kupakia, maana lori likikataliwa mpakani nauli imeshaliwa. Kuhusu vyeti, sheria ya viwango ya Jumuiya ya mwaka 2006 tayari ipo; kinachotakiwa ni kumbana mwenzako wa Nairobi ili mahindi yenye cheti cha Shirika la Viwango la Uganda yasipimwe mara ya pili Busia bila sababu.

Mavuno ya msimu wa kwanza huanza Juni. Vipima unyevu viwe vimefika maghalani Mei, vikiwa vimekaguliwa.

Wako,
Wafanyabiashara wa nafaka, Busia