Jina la ukoo bila jina la mtoto

Bukavu, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ile karatasi ya labo ya mtoto wa shangazi yako uliyonipigia picha huko Lubumbashi nimeisoma. Wameandika "limfoma ya Hodgkin", saratani ya tezi za ulinzi wa mwili, basi. Hilo ni jina la ukoo. Jina la mtoto, yaani aina yenyewe ya ugonjwa, halipo. Mwambie shangazi aliulize kabla chupa ya kwanza ya dawa haijatundikwa.

Ukoo huu ulipewa jina la Thomas Hodgkin, daktari Mwingereza aliyeuandika mwaka 1832. Una nyumba mbili. Ile kubwa huitwa Hodgkin ya klasiki, na wagonjwa kama 95 kati ya 100 ni wa humo. Kitambulisho chake ni seli ya Reed-Sternberg: kubwa, yenye viini viwili vinavyokukodolea kama macho ya bundi. Lakini ni chache mno, kwani sehemu kubwa ya tezi ni seli za ulinzi zilizokusanyika kuizunguka. Ndiyo maana sindano nyembamba ya kunyonya seli huweza kuzikosa kabisa, na hata ikizipata haionyeshi tezi ilivyopangika.

Nyumba hiyo ina vyumba vinne, kila kimoja na ugonjwa wake. Wa kwanza ni wa makovu: nyuzi ngumu huigawa tezi vipande vipande, hupenda vijana, na mara nyingi hukaa kifuani, mgonjwa akakohoa na kukosa pumzi. Wa pili ni wa mchanganyiko wa seli. Huu huandamana sana na virusi vya Epstein-Barr na VVU, kwa hiyo kipimo cha VVU kisisahaulike. Wa tatu una limfosaiti (seli nyeupe za ulinzi) nyingi na kwa kawaida huenda vizuri. Wa nne, wa limfosaiti chache, ni adimu, na mara nyingi hugunduliwa umeshaenea. Vyote vinne hutibiwa kwa njia karibu moja. Hapo hatua ya ugonjwa ina uzito kuliko jina la chumba.

Nyumba ndogo ndiyo inayoniwasha. Ina wagonjwa kama 5 kati ya 100, na seli zake zimevimba kama bisi. Hutambaa polepole, na ikiwa kwenye tezi za mahali pamoja tu, mionzi peke yake huweza kutosha. Baadaye, hata baada ya miaka, inaweza kugeuka limfoma kali, basi mgonjwa hafungiwi faili. Rangi maalumu za labo, zinazoonyesha alama za seli ziitwazo CD, ndizo huzitenga nyumba hizi: klasiki huwa na CD30, mara nyingi na CD15; ndogo huwa na CD20, na CD30 na CD15 kwa kawaida haina.

Wakisema wanakata tena, waitoe tezi nzima, ya shingo kuliko ya kinena. Formoli, maji ya dawa ya kuhifadhi kipande kisioze, iwe ya asilimia 10, mara kumi ya ukubwa wa tezi, kwenye chupa ya mdomo mpana. Tezi ikishakakamaa ndani ya formoli haipiti shingo nyembamba ya chupa. Ikiwa kubwa ikatwe katikati, la sivyo ndani itaoza formoli haijafika. Kipande kidogo kibaki nje ya formoli kwa kupima tuberkulozi, maana formoli huua vijidudu na havioteshwi tena.

Hapa kwetu tezi ya shingo huitwa tuberkulozi haraka, kwa sababu homa, jasho la usiku na kukonda hufanana. Kwa Hodgkin, kukonda kunakohesabiwa ni zaidi ya sehemu moja ya kumi ya uzito ndani ya miezi sita: aliyekuwa na kilo 60 akishuka chini ya 54. Na wasimchome deksa (deksamethasoni, dawa ya steroidi) "kupunguza uvimbe" kabla ya kukata. Tezi itanywea, labo itasoma vumbi.

Ila kabla ya kisu, muulizeni mkuu wa labo kama kile kipande cha tezi kilichozamishwa kwenye nta bado wanacho. Nta hutunza miaka, na rangi hizo zinaweza kupakwa juu yake bila kumkata mtoto tena.

Mama yako