Barua ya wazi kwa Waziri wa Michezo wa Kanada: kipa wangu, hoteli ya lazima na ruzuku ya serikali

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima na taadhima, nakuandikia kama mzazi wa kipa wa hoki ya barafuni. Wazazi wenzangu wakisikia neno kipa hucheka kwanza, kisha hunipa pole, maana vifaa vya kipa peke yake ni maelfu ya dola, na mtoto haachi kukua.

Lakini si vifaa vilivyonifanya nishike kalamu. Viatu vya kutelezea hupatikana mtumba na pedi hurithiwa. Kinachotumaliza ni malipo yanayojitokeza moja baada ya jingine ukishaingia. Unalipia majaribio ya kuchagua wachezaji wa timu; mtoto akiachwa, hurudishiwi. Akichaguliwa, kuna ada ya klabu, halafu ada ya timu, halafu mashindano ya ugenini. Mwaka jana tuliambiwa bayana kwamba timu ambayo familia zake hazilali kwenye hoteli zilizoteuliwa na waandaaji haichezi. Shangazi yake mtoto anakaa dakika kumi kutoka uwanja ule. Tulilala hotelini.

Anayeshindwa hapo haandikwi popote kuwa alishindwa na pesa. Anaambiwa mwanawe hana kasi, na kweli hana, kwa sababu mwenzake ana kocha wake binafsi na hucheza hadi kiangazi. Tangu utafiti wa mwaka 1985 inajulikana kuwa waliozaliwa miezi ya kwanza ya mwaka hujazana katika timu za juu za hoki, kwa vile makundi ya umri huanzia Januari 1. Mwili uliotangulia kukua kwa miezi michache huitwa kipaji. Pesa nazo huitwa hivyohivyo.

Najua serikali imewahi kujaribu. Nafuu ya kodi kwa michezo ya watoto, iliyoanza 2007 na kufutwa 2017, ilimfaa aliyekwisha kupata pesa za kulipa ada. Kwa miaka mingi, mwenye kipato kidogo kiasi cha kutodaiwa kodi hakuambulia hata senti.

Naomba njia nyingine, ambayo tayari mmewahi kuitumia. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha ruzuku ya Hockey Canada, shirika linalosimamia hoki nchini, kwa sababu ya namna lilivyoshughulikia tuhuma za unyanyasaji wa kingono, ikairejesha 2023 kwa masharti. Ni katika sakata hilo wazazi wengi tulipojua kwamba sehemu ya ada zetu za usajili iliingia kwenye mfuko uliotumika kulipa madai ya aina hiyo. Basi masharti yanawezekana.

Yaongezwe haya: klabu itangaze gharama za msimu mzima kabla ya majaribio, hoteli ikiwemo, na hiyo hoteli isiwe lazima. Tena uchaguzi wa timu za juu ucheleweshwe. Norwe watoto hawashindanii ubingwa wa taifa kabla ya mwaka wanaotimiza miaka 13, na sijasikia barafu yao imeyeyuka kwa hilo. Viwanja vingi tunavyochezea ni vya manispaa, vimejengwa kwa kodi za wote, hata za wale ambao watoto wao hawajawahi kukanyaga humo.

Majaribio ya msimu ujao yako karibu. Ningeshukuru kupata jibu kabla ya hapo, kwani ada yake hailipwi kwa awamu.

Wako mtiifu,
Mzazi wa kipa