Mawe ya Warumi kanisani Escomb

Mwanangu mpendwa,

Umeniandikia kwamba mwalimu wenu wa uashi anawakalisha siku nzima mkibandua chokaa kwenye matofali ya nyumba iliyobomolewa, na wenzako wananung'unika. Nimecheka peke yangu. Jumamosi nilikwenda Escomb, kijiji kidogo karibu na mji wa Bishop Auckland, kaskazini mwa Uingereza, kuona kanisa lililojengwa hivyo hivyo, kwa mawe ya jengo jingine.

Lilijengwa miaka ya 670 hivi. Warumi walikwishaondoka Uingereza zamani, ngome yao ya Binchester ipo jirani, na inaaminika mawe yalitoka huko. Ukutani kaskazini kuna jiwe lina herufi LEG VI, yaani Legioni ya Sita, kikosi kikubwa cha jeshi la Kirumi, nalo limewekwa kichwa chini! Labda fundi hakujua kusoma. Mimi nadhani jiwe lilikaa vizuri upande ule, basi.

Ndani ni pembamba na parefu kwenda juu, kama mita 13 kwa 4 na nusu. Madirisha ni madogo, ukuta mnene, kwa hiyo macho yanachukua muda kuzoea giza. Kisha unaliona tao la kuingilia madhabahuni. Husemekana nalo ni la Kirumi, lilifunguliwa jiwe moja moja likajengwa upya. Angalia miimo yake, zile nguzo za pembeni, nitakapokutumia picha: jiwe moja limesimama, linalofuata limelazwa na kuingia ndani ya ukuta, tena limesimama, tena limelazwa. Lile lililolala ndilo linaloshika. Nilisimama pale mpaka miguu ikauma.

Nje, upande wa kusini, kuna saa ya jua yenye nyoka juu yake, na ua wa makaburi ni wa mviringo.

Mwaka 1863 walijenga kanisa jipya, hili la kale likaachwa likachakaa. Lilikarabatiwa kati ya 1875 na 1880. Lile jipya? Lilibomolewa 1971. Hapo nilicheka tena, Mungu anisamehe.

Ufunguo nilioutumia hutundikwa kwenye msumari nje ya nyumba ya jirani. Unachukua, unafungua, unarudisha.

Niambie hayo matofali mtayajengea nini, na chokaa mnabandua kwa patasi au kwa nyundo. Kwa nyundo mtayavunja pembe.

Baba yako