Kabla hatujapanga ya mwakani

Leipzig, Jumapili, Desemba 28, 2025

Assalaam alaykum wote hapo nyumbani Tanga.

Mama shikamoo, bibi shikamoo, kaka nawe shikamoo pamoja na wifi, wadogo zangu hamjambo. Mimi huku mzima alhamdulillah, baridi tu ndo inatunyoosha, asubuhi saa mbili nimeamka nje bado giza giza na ikifika saa kumi jioni jua limeshazama, na leo Jumapili maduka yote yamefungwa kwahiyo nimekaa ndani na chai yangu nawaandikia kwa kirefu, maana kwenye simu kila mtu anaongea kwa wakati mmoja halafu bando linaisha hatujamaliza.

Kaka voisi yako ya juzi nimeisikia, unataka bajeti ya mwakani ya ile nyumba tunayojenga hapo mapema ili fundi ajipange, na mdogo wangu listi yako nimeisoma yote mpaka mwisho. Sijapuuza hata kimoja. Lakini nawaomba kabla hatujaingia huko tuuangalie kwanza huu mwaka unaoisha, tuuangalie wote, kila mtu aseme umempitisha wapi. Mwaka jana mwezi kama huu tulipanga kwa simu, bati ngapi, mbao ngapi, simenti mifuko mingapi, na haya yaliyotushika koo mwaka huu hata moja halikuwepo kwenye ile listi.

Naanza na mimi. Mwaka ulianza vizuri tu, shule ya uuguzi ninayosoma huku nikifanya kazi ilikua ngumu ila nilikua naelewa. Ramadhani ilitukuta mwezi wa tatu, nafunga na kazi naenda, wenzangu wa kazini walikua wananiuliza hata maji hunywi, mwisho wakazoea wakawa wananibadilishia zamu ili nipate kufuturu kwa utulivu. Idd huku ilikua Jumapili tarehe 30, siku hiyo hiyo Ulaya nzima ikasogeza saa mbele, yaani nimelala pungufu, nimeswali, nimekimbilia shifti ya mchana, nyie hapo wengi mkaswali kesho yake Jumatatu. Mama ulinitumia ile video ya watoto wa mtaani wamevaa nguo mpya wanagonga milango kuomba sikukuu, niliiangalia kwenye tramu mara sijui ngapi. Nataka ujue ile video ilinibeba wiki nzima.

Mwezi wa nne mshahara wetu wanafunzi ukaongezwa euro 75, ukafika kama 1,400 na kidogo kabla ya makato. Nalisema hili wazi ili kila mtu alijue maana naona huko bado kuna picha kwamba huku pesa ni za kuokota. Wakishakata bima ya afya, pensheni, bima ya kukosa kazi na bima ya kutunzwa uzeeni inabaki kama 1,100, hapo kodi ya chumba haijatoka, tiketi ya mwezi ya tramu na treni ilikua 49 mwaka jana, mwaka huu 58, na kuanzia mwezi wa kwanza itakua 63. Zile nilizokua natuma nyingi hazikutoka kwenye mshahara, zilitoka kwenye kile kibarua cha jioni cha kusafisha ofisi. Huku mtu anaruhusiwa kibarua kidogo kisicho na kodi, mwaka huu mwisho wake ulikua euro 556 kwa mwezi. Kuta zile zimesimama kwa kibarua hicho. Nyumba imefika kwenye linta, juu ya milango na madirisha, kaka umeisimamia kwa uaminifu, risiti zote ninazo, na nasema mbele ya wote kwamba nakushukuru. Wako wengi huku wanatuma pesa ya nyumba wanaenda likizo wanakuta shimo la msingi tu.

Sasa mwezi wa saba. Mama, naomba usichukie nikilileta hili mbele ya kila mtu, nimelibeba muda mrefu. Ulizidiwa na presha ukapelekwa hospitali usiku, na mimi nikaja kujua siku kadhaa baadae tena kwa kuponyokwa mdogo wangu kwenye simu. Nilipouliza nikaambiwa hatukutaka kukupa mawazo uko mbali. Najua mlifanya kwa mapenzi. Lakini mimi siku zile nilikua nimetoka kupiga simu nikaambiwa mama amelala, kapumzika, kaenda kwa shangazi, na moyo ulikua unaniambia kuna kitu. Mtu aliye mbali asipoambiwa anabuni, na yale anayobuni usiku mara zote yanazidi yaliyotokea.

Na kilichoniuma zaidi ni kwamba presha ndo kazi ninayojifunza huku. Nilikua nimepangiwa nyumba ya wazee kwa mazoezi, kila asubuhi tunapima presha za watu ambao hawajaumwa na chochote siku hiyo, tunaandika kwenye faili, daktari akija anaangalia mwezi mzima siyo namba ya siku moja. Mama uliacha dawa kwa sababu uliona umepona, kichwa hakiumi, unatembea mpaka sokoni Ngamiani unarudi. Nakuelewa kabisa, hata hawa wazee wa Kijerumani wanabishana na sisi hivyo hivyo. Ila presha haina kelele mama. Mtu anaweza kuwa nayo juu kabisa akapika akaimba akaenda harusini, na wakati huo huo inakula mishipa ya moyo, figo na ubongo. Ukipima ikashuka ni dawa ndo imeishusha, ukiiacha inarudi pale pale.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa ambacho nataka kinunuliwe mwakani, kabla ya bati hata moja, ni mashine ya kupimia presha ya kuvaa mkononi, zipo kwenye maduka ya dawa hapo mjini, na daftari dogo la kuandikia. Mdogo wangu wa mwisho hiyo nakupa wewe kwa sababu uko nyumbani. Mama akae kwenye kiti mgongo umeegemea, miguu chini asikunje nne, apumzike dakika tano bila kuongea, asiwe ametoka kunywa chai au kahawa nusu saa hiyo, mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, halafu upime mara mbili ukipisha dakika moja, uandike zote mbili na tarehe. Ikiwa inakaa 140 kwa 90 au zaidi siku baada ya siku msinisubiri mimi, mpelekeni kliniki na hilo daftari. Dawa zikibaki za wiki mbili ndo muda wa kununua zingine. Na chumvi mama, ile ya kuongeza mezani, naiombea ruhusa iondoke. Nawe bibi ukae kwenye kiti upimwe, usijifiche.

Niwape na la furaha kutoka kwenye hiyo nyumba ya wazee. Kuna bibi mmoja dirishani kwake ameweka vikopo vya maua madogo ya zambarau, anayatunza kuliko anavyojitunza mwenyewe. Nikamuuliza, akanambia haya yametoka Afrika, milima ya Usambara. Nikamwambia bibi, mimi nimetoka Tanga, kwetu mtu ukisafiri kwenda Korogwe milima hiyo unaiona, shangazi yangu anaishi Lushoto. Alinishika mkono akaita chumba kizima waje wanione. Ni kweli kabisa nimefuatilia, mwaka 1892 afisa mmoja wa Kijerumani aliyekua anatawala upande wetu ule aliyaona, akampelekea baba yake huku Ujerumani, na sasa yapo kwenye madirisha ya dunia nzima wakati kule msituni kwao yanapungua kwa sababu miti inakatwa. Bibi hapo kwetu nani anayajua? Nikija likizo nataka twende Amani tukayatafute yakiwa yamejiotea yenyewe.

Mwezi wa tisa nikaingia mwaka wa pili, sitasema mengi hapo, ni kusoma tu.

Halafu ikaja tarehe 29 mwezi wa kumi. Siku ya uchaguzi intaneti ikazimwa nchi nzima na ilianza kurudi Novemba 3. Nyie mlikua ndani ya hayo mambo mnajua mlichopitia, mimi nawaambia kwa upande wa huku ilivyokua. Ujumbe wa WhatsApp unatuma unabaki tiki moja. Nikanunua salio la kupiga simu ya kawaida, inaita inakatika, inaita inakatika. Na wakati huo huo huku tunaona habari za maandamano, risasi, watu wamekufa, hujui mtaa gani, hujui kaka ametoka kwenda kazini au hakutoka, hujui mama dawa anazo. Darasani nilikua nimekaa kama sipo mpaka mwalimu akanitoa nje akanipa maji. Tulikua Watanzania kadhaa hapa tunapigiana usiku, aliyepata hata neno moja kutoka nyumbani anawaambia wenzake. Wapo ambao intaneti iliporudi ndo walipokea habari za msiba. Sisi Mungu alituepusha, na kila nikikumbuka wale waliopoteza watu wao nashindwa kusema mwaka huu ulikua mzuri hata kama nyumba imefika linta.

Mkinisoma mpaka hapa mnaona wenyewe ninachokiona. Mwaka huu pesa haikututesa sana, tulikula, tulilipa ada, kuta zilipanda. Kilichotutesa ni kutojua habari za mtu wetu, mara moja kwa sababu tulifichana na mara nyingine kwa sababu tulizimiwa. La kuzimiwa hatuna uwezo nalo sana, ila kuanzia sasa naomba kila mtu hapo awe ameandika kwenye karatasi namba za simu za majirani wawili na za shangazi Lushoto, na mimi mnipe, ili siku WhatsApp ikifa niwe na mahali pa kupiga kawaida. La kufichana tunalimaliza sisi wenyewe. Mama akiumwa naambiwa siku hiyo hiyo. Nami nikiumwa au nikifeli nitawaambia.

Sasa ya mwakani, na hapa kaka najua utashtuka kidogo. Kuanzia mwezi wa kwanza naacha kile kibarua cha jioni. Mwisho wa mwaka huu wa pili wa masomo, yaani katikati ya 2026, tuna mtihani wa kati, na haya mafunzo kwa ujumla yana masaa 2,100 ya darasani na 2,500 ya vitendo, ukikosa kosa sana unaambiwa urudie. Nikitoka kazini naenda kusafisha narudi saa nne usiku, vitabu vyote vya Kijerumani, haiwezekani tena. Nikimaliza 2027 mshahara wa muuguzi kamili ni zaidi ya mara mbili ya huu ninaopata, kwahiyo mniache nimalize salama. Nitatuma pesa moja isiyobadilika kila tarehe za mwanzo wa mwezi, ndogo kuliko mlizozoea, kiasi tutakubaliana kwenye simu.

Hiyo pesa kwanza itoke ya kliniki na dawa za mama. Anayefuata ni mdogo wangu aliyemaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja. Wewe nimeona umeandika kwenye listi simu mpya na kozi ya Dar, mdogo wangu matokeo yanatoka mwezi wa kwanza mwishoni, tuyasubiri kwanza, ukifaulu kwenda kidato cha tano tunajua la kufanya, isipokua hivyo chuo cha ufundi VETA nakulipia na siyo adhabu hata kidogo, huku fundi umeme anaheshimiwa na anaishi vizuri kuliko watu wengi wenye digrii. Nyumba ikae hapo kwenye linta. Kaka funika kuta kwa juu maji ya masika yasiingie, mbao ulizoshanunua zihifadhiwe sehemu kavu, fundi umwambie ukweli kwamba mpaka mwezi wa nane hakuna kupaua. Kuta hazitakimbia. Najua watu wa mtaani watasema pesa imekata, waache waseme.

Mwezi wa pili Ramadhani inaingia, mchana wa huku bado utakua mfupi, safari hii nitafunga kwa raha.

Jumapili ijayo tarehe 4 nitapiga baada ya magharibi ya huko, kwa sasa mko mbele yetu masaa mawili. Wote mkae sebuleni, simu iwekwe spika, na kabla ya bajeti nataka aanze bibi kutuambia mwaka umempitishaje, halafu mama, halafu wifi maana wifi sijamsikia mwaka mzima zaidi ya hujambo sijambo, halafu kaka, halafu wadogo. Mtu asikatizwe. Bando la saa nzima nimeshaweka kwenye namba ya kaka.

Shangazi na mjomba wapeni salamu, na yule mama jirani aliyempeleka mama hospitali usiku ule mpeni kitenge nilichotuma na yule kijana, kipo kwenye begi la bluu chini kabisa.

Ni mimi mwanenu,
Leipzig