Barua ya wazi kwa Waziri wa Jeshi la Nchi Kavu la Marekani: Askari aliyeumia apate wakili kabla ya kutia sahihi

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu jeshi lako lenyewe lilikihitaji. Mpango wa MAVNI ulipoanza mwaka 2009, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha zilizomwezesha mgeni aliyeko Marekani kihalali kujiunga hata kama hana ukaazi wa kudumu. Vijana wetu waliingia kwa mlango huo, na wengine wengi kwa mlango wa kawaida. Sasa wapo walioumia kazini, nao wanapotea katika bodi za tathmini ya ulemavu.

Bodi ya madaktari, MEB, huangalia kama hali ya askari bado inatimiza viwango vya afya vya jeshi. Bodi ya pili, PEB, huamua kama anafaa kuendelea na kazi. Asilimia za ulemavu hupimwa na VA, idara inayohudumia wanajeshi wa zamani. Katika safari hii yote askari hukabidhiwa kwa afisa anayeitwa PEBLO. Nawaheshimu maafisa hao, maana wengi wamelemewa na mafaili. Lakini PEBLO si wakili. Kazi yake ni kueleza hatua na kusukuma faili mbele, na askari kijana hajui tofauti hiyo. Sisi tumelelewa kwamba mkubwa akikuwekea karatasi mezani, unatia sahihi na kushukuru.

Niliketi jikoni kwa kijana mmoja wa kwetu, askari wa miavuli aliyeumia mgongo mazoezini. Fomu 199, yenye uamuzi wa PEB, ilikuwa mbele yake, na tayari alikuwa amempigia mama yake simu kumpa habari njema. "Si ni sabini, kaka?" aliniuliza. Ndiyo, VA ilimpa asilimia 70 kwa maradhi yake yote. Lakini jeshi huhesabu yale tu yaliyomfanya asifae kazi, na kwake lilikuwa moja, mgongo, asilimia 10. Chini ya asilimia 30, kama hujatimiza miaka 20 ya utumishi, hupati pensheni ya jeshi wala bima ya afya ya jeshi, Tricare, ya kudumu kwa mke na watoto. Unapewa kiinua mgongo cha mara moja, na kama hukuumia katika eneo la vita au shughuli za kivita, VA hukikata kidogokidogo kwenye malipo yako ya kila mwezi mpaka kiishe.

Bega lake lilikuwa limemshinda hata kubeba bunduki kwa muda mrefu. Usiku alikuwa hapati usingizi. Hakuna aliyemwambia amweleze daktari, kazi kwa kazi, yale asiyoweza tena kuyafanya, kwa hiyo mambo hayo hayakuingia kwenye hesabu ya jeshi. Alikuwa na siku 10 za kukubali au kudai kusikilizwa, na zilikuwa zinayoyoma.

Mheshimiwa, wakili wa bure yupo. Jeshi lako lina ofisi ya mawakili wa askari, na wanaijua kazi yao. Kinachoniuma ni kwamba vijana wanaokuja kwetu sisi wastaafu kuomba msaada wanaisikia ofisi hiyo mara ya kwanza wakiwa tayari wameshika fomu.

Baada ya kashfa ya majeruhi kutelekezwa katika hospitali ya kijeshi ya Walter Reed mwaka 2007, mtangulizi wako Francis Harvey alijiuzulu, na jeshi na VA zikaunganisha tathmini zao. Bado mwaka wa fedha 2011 kesi moja ya mwanajeshi wa kudumu ilichukua wastani wa siku 394. Lengo likaja kushushwa hadi siku 180, na tangu hapo kasi imekuwa ndiyo kipimo kikuu. Ni vizuri faili lisilale. Ila faili likimpita mwenyewe kabla hajalielewa, kasi hiyo haimfaidi yeye.

Toa amri kwamba askari akutane na wakili uso kwa uso, siku anapopelekwa MEB, kabla daktari hajaandika muhtasari wa hali yake. Siku 10 zianze kuhesabiwa baada ya wakili kumsomea Fomu 199, mwenzi wake akiwepo akitaka, na mkalimani akihitajika. Asilimia za jeshi na za VA ziandikwe kwenye ukurasa mmoja, kila moja na maana yake kwa pesa na kwa bima.

Wako,
Sajini mstaafu, mzaliwa wa Kakamega