Kujitambulisha sio kusoma cheti cha kuzaliwa

Mhariri naomba nafasi kidogo. Mimi nafanya kazi hotelini hapa Mwanza na huwa nakaa kwenye usaili tukiajiri watu wa mapokezi, sasa kuna kitu kinanikera, yaani bosi akisema tu "Tell us about yourself" kijana anakakamaa alafu anaanza kutiririka, kazaliwa mwaka gani, hospitali gani, baba mkulima, mama wa nyumbani, kwao wako saba yeye wa nne, shule ya msingi, sekondari, akimaliza kachoka na sie tumechoka na bado hatujui anaweza kazi gani.

Ndo walivyofundishwa lakini. Msingi wamesoma kwa Kiswahili, fomu wani ghafla karibu masomo yote Kiingereza, na Kiingereza cha kuongea ni kile cha kuitikia darasa zima mwalimu akiingia. Kuna mmoja tulimuuliza hali akatujibu "We are fine, thank you teacher", na alikuja peke yake jamani. Ukithubutu kuongea mwenyewe ukachanganya "he" na "she", maana kwetu wote ni yeye, wenzio wanacheka mpaka unaapa hurudii.

Dogo mmoja alikuja kuomba kazi ya boti ya kupeleka wageni kisiwani Saanane, Kiingereza cha kuungaunga, akataja jina akasema "I repair boat engine. I learn in Kirumba with my uncle." Basi. Akaulizwa injini ikizima katikati ya ziwa unaanzia wapi, akaeleza kwa maneno na mikono, kazi akapata.

Alafu macho. Kwetu mkubwa humkodolei, unainama kidogo na sauti inashuka, ni malezi mazuri na wanangu nawataka hivyo hivyo, ila mgeni katoka zake Serengeti akikuta mtu wa mapokezi anaongea na sakafu anahisi chumba kina shida.

Walimu wa Ilemela na Nyamagana, kila asubuhi simamisheni mmoja aeleze anajua kufanya nini, kusuka, kuparua samaki, chochote, akikosea aachwe amalize. Na mabosi nao, mlinzi wa geti la nyuma mnamfanyia usaili kwa Kiingereza ili usiku aongee na nani, sangara?

Mdau, Nyegezi, Mwanza