Kiungo akitundika daluga, apewe kwanza timu ya vijana

Mhariri,

Kila kiungo mkubwa anapotundika daluga, mashabiki tunaanza kumtafutia timu kubwa ya kufundisha. Hoja yetu ni ileile: huyu alikuwa kocha tangu yumo uwanjani. Naomba nafasi niipinge.

Nimecheza dimba la kati miaka mingi, kisha nikaanza kufundisha vijana. Siku za mwanzo nilimwambia kiungo wangu mmoja, "Tazama nyuma kabla mpira haujakufikia." Akageuza shingo kwa utii, asione chochote, maana hakujua atafute nini. Nami nikashindwa kumweleza. Mpinzani anakuja upande gani, beki wa pembeni amepanda au bado, mpira upokewe kwa mguu upi: yote hayo nilikuwa nikiyafanya bila kuyawazia. Ilinichukua karibu msimu mzima kupata maneno, na mazoezi, ya kumfikishia kitu ambacho mwili wangu ulikijua tangu utotoni.

Mtazameni Xabi Alonso, kiungo wa zamani wa Hispania. Alistaafu 2017, na akaanzia kwa watoto wa chini ya miaka 14 wa Real Madrid. Mwaka 2019 akachukua timu B ya Real Sociedad, akaipandisha hadi daraja la pili 2021, na msimu uliofuata ikashuka. Huko kushuka watu hukusahau, lakini mimi nakuona ndiko kwenye uzito: alikosea mbali na macho ya dunia, na kazi ikaendelea. Oktoba 2022 akakabidhiwa Bayer Leverkusen ikiwa ya pili kutoka mkiani. Mwaka 2024 ikatwaa ubingwa wa Bundesliga (ligi kuu ya Ujerumani), wa kwanza katika historia yake, bila kupoteza hata mechi moja kati ya 34.

Andrea Pirlo, kiungo wa zamani wa Italia, hakupata nafasi hiyo. Agosti 2020, siku chache tu baada ya kuteuliwa kufundisha vijana wa Juventus, alipandishwa timu ya wakubwa iliyokuwa imechukua ligi mara 9 mfululizo. Akashinda Kombe la Italia, akamaliza ligi nafasi ya nne, akaondolewa. Aliyemwona akicheza hawezi kusema alikosa akili ya mpira. Alikosa miaka miwili mitatu ya kujifunza.

Najua nitaulizwa, Guardiola je, kiungo aliyekuja kuwa kocha mkubwa? Naye alianzia Barcelona B, 2007, ikiwa daraja la nne. Zidane, kiungo mwingine, alikaa benchi la Real Madrid kama msaidizi wa kocha Ancelotti, kisha akafundisha timu B ya klabu hiyo.

Viongozi wa vilabu, mpeni kiungo wenu timu ya vijana, na msimwondoe ikianza kufungwa.

Yule kijana wangu siku hizi anatazama nyuma mara mbili kabla ya mpira kufika. Nikimuuliza ameona nini, ananijibu.

Wako,
Kocha wa vijana